Gari linavuma: ni injini, tairi au beringi?

Tulitoka Kilosa asubuhi, mimi na mjomba. Yeye alikuwa na mzigo wa kushusha Mikumi, halafu anipeleke Morogoro nirudi chuoni. Njia ya Ulaya (ndiyo, Kilosa ina Ulaya yake) tuliipita bila kusikia chochote zaidi ya kokoto zikigonga chini ya gari. Mikumi tukashusha mzigo, tukaingia lami ya barabara kuu ya Zambia. Tulipofika 80, likaanza: vuuuuu, kama ndege ndogo inayojaribu kupaa.

Mjomba akazima redio. "Limerudi," akasema.

Mwezi mmoja kabla alikuwa amenunua matairi mawili mapya kwa sababu ya mvumo huohuo. Aliambiwa ya zamani yameliwa upande, na kweli yalikuwa yameliwa. Ila sauti haikuwa inatoka huko. Na sasa mbele yetu kulikuwa na kilomita 50 hivi za barabara inayokatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Pale si mahali pa kuchomokewa na gurudumu.

Kwa nini vumbi lilituficha?

Sauti kubwa humeza ndogo. Kwenye kokoto tulikuwa tunaenda polepole, na kelele za mawe zilijaa masikioni. Kwenye lami kelele ilishuka, mwendo ukapanda, na mvumo ukabaki peke yake. Kwa hiyo gari "zima" la njia ya vumbi huenda ni bovu ambalo halijapata nafasi ya kusikika.

Ndani ya beringi

Beringi ya gurudumu ni pete mbili, moja ndani ya nyingine, na katikati yake gololi za chuma zinazotembea kwenye grisi. Pembeni kuna sili ya kuzuia maji na vumbi. Grisi ikiharibika, chuma kinasagana na chuma, na njia ya gololi inapata vishimo. Kila gololi ikipita kwenye kishimo inagonga.

Ebu tupige hesabu. Tairi la 185/65R15, saizi iliyozoeleka kwenye magari madogo, lina mzunguko wa karibu mita 1.95. Kwa 80, gari linakwenda mita 22 kwa sekunde, yaani gurudumu linazunguka mara 11 hivi kila sekunde. Gololi hazizunguki sawa na gurudumu. Kundi lao linasafiri kwa takriban asilimia 40 ya mwendo wake. Tuseme ziko 13, na kuna kishimo kimoja kwenye pete ya nje isiyozunguka: 13 × 0.4 × 11.4, unapata karibu migongo 60 kwa sekunde. Sikio haliwezi kuihesabu mmoja mmoja, linasikia mvumo mzito. Ukipunguza hadi 40, migongo inabaki 30. Ndiyo maana sauti inapanda na kushuka na mwendo wa gari.

Sauti ya migongo 60 kwa sekunde ina urefu wa wimbi wa karibu mita 5.7, mrefu kuliko gari dogo lenyewe. Masikio yako hayawezi kukuambia inatoka kona gani. Mimi ningeapa ni mbele. Nilikosea.

Badilisha kitu kimoja tu

Maabara tunafundishwa: ukitaka kujua chanzo, badilisha kitu kimoja, vingine viache kama vilivyo. Kwenye gari ni hivyohivyo.

*Injini.* Shika mwendo uleule, badilisha gia. Mzunguko wa injini unabadilika, wa magurudumu haubadiliki. Mvumo ukibaki vilevile, injini haina hatia. Wetu ulibaki.

*Tairi.* Sikiliza lami inapobadilika, kutoka ya zamani kwenda mpya. Kelele ya tairi hubadilika na uso wa barabara. Ya beringi hufuata mwendo tu. Ukiwa na shaka, hamisha matairi ya mbele yaende nyuma: sauti ikihama nayo, tatizo ni tairi. Jaribio hili halikumgharimu mtu kitu. Mjomba alilipia matairi mawili.

*Upande.* Gari likikata kulia, uzito unaegemea magurudumu ya kushoto, na beringi mbovu iliyobanwa hulia zaidi. Kwenye mkunjo wa kulia mvumo ukakaza, wa kushoto ukapoa. Basi tukashuku kushoto. Usiyumbishe gari barabarani kujaribu hili. Subiri kona pana. Na lichukue kama dalili tu, maana kuna beringi zinazofanya kinyume.

Tukageuza, tukarudi Mikumi mjini polepole.

Kwenye jeki

Fundi alizuia matairi ya mbele kwa mawe, akainua nyuma, akaweka stendi, akaachia handbreki. Akalishika gurudumu juu na chini, akalitikisa: linacheza kidogo. (La mbele likicheza kushoto na kulia tu, angalia kwanza tairodi.) Kisha akaniambia, "Weka mkono kwenye springi," akalizungusha kwa mkono. Kiganjani nilihisi kama mchanga unasagwa. Upande wa kulia, kimya. Chuma kinasafirisha mtetemo vizuri kuliko hewa, kwa hiyo mkono ulisikia kile ambacho sikio lilishindwa.

Ilikuwa nyuma kushoto. Sili imechanika, grisi ina rangi ya kutu.

"Ulipita kwenye maji?" fundi akauliza. Mjomba akacheka kidogo. Masika alivuka maji ya Mkondoa yakiwa yametapakaa barabarani. Habu yenye moto ikiingia ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia sili. Beringi haifi siku hiyo. Inakufa miezi baadaye, umeshasahau.

Usisubiri igonge

Mvumo ni hatua ya mapema. Baadaye unakuwa mngurumo, kisha gurudumu linacheza, tairi linaliwa vibaya, na kwenye gurudumu la diski pedi za breki zinasukumwa nyuma hadi pedeli inazama zaidi. Mwisho wake habu inapata moto kupita kiasi, na gurudumu linaweza kuchomoka.

Tuliingia hifadhini saa tisa alasiri. Mjomba hakuwasha redio mpaka tulipotoka upande wa pili.