Gemili: Alitundika daluga akiwa na miaka 18, akaibukia Olimpiki

MACHO ya dunia nzima yalikuwa kwa Usain Bolt. Ilikuwa Agosti 12, 2017, fainali ya mita 4x100 kupokezana vijiti kwenye Mashindano ya Dunia ya Riadha jijini London, na kila mtu alijua ndiyo mbio ya mwisho ya Mjamaika huyo. Akapokea kijiti, akachomoka, hatua chache mbele akashika paja na kwenda chini. Picha ile ilizunguka kila kona ya dunia.

Walioshinda hawakuzungumzwa sana. Uingereza walimaliza kwa sekunde 37.47, wakiwapiku Marekani waliotumia 37.52. Aliyekimbia wa pili kwenye kikosi hicho cha dhahabu anaitwa Adam Gemili, jamaa ambaye miaka sita hivi kabla ya usiku ule alikuwa beki, tena wa mkopo, kwenye timu ya madaraja ya chini huko England.

Kumbe basi, kwenye uwanja mmoja ambao leo ni nyumbani kwa West Ham, walipishana watu wawili. Mmoja alikuwa ametoka kwenye soka na kuingia kwenye riadha. Mwingine alikuwa anaaga riadha, na mwaka uliofuata angekwenda kujaribu soka. Wa kwanza alifanikiwa. Wa pili, pamoja na kwamba hajawahi kuonekana binadamu mwenye mbio kumzidi, aligonga mwamba.

Kwa shabiki wa soka, hapo pana somo. Kila kijiwe kina mtu anayeapa kwamba winga fulani akipelekwa Olimpiki anarudi na medali, na mwingine anayesema Bolt akipewa wiki mbili za mazoezi anamaliza ubishi wa mabeki wote. Maisha ya Gemili na ya Bolt yanajibu maswali yote mawili.

DOGO WA CHELSEA

Gemili alizaliwa Oktoba 6, 1993 na alikulia kwenye soka. Alipita kwenye akademi ya Chelsea, na kwa wanaoijua akademi hiyo, kuingia tu ni kazi, kubaki ni kazi zaidi. Hakubaki. Akaangukia Dagenham & Redbridge, klabu ya mashariki mwa London iliyokuwa League Two, daraja la nne kwa England. Huko nako hakuwa mtu wa kikosi cha kwanza. Akatolewa kwa mkopo kwenda Thurrock, timu iliyo nje kabisa ya madaraja manne ya juu.

Hapo ndipo maelfu ya vijana wa England hupotelea. Unatoka jina kubwa, unashuka klabu ndogo, unapelekwa mkopo, na siku moja unasikia umeachwa. Tofauti ya Gemili ni kwamba pembeni ya mpira alikuwa anakimbia. Mwaka 2011, huku mazoezi yake makubwa yakiwa bado ni ya soka, alikwenda Tallinn, Estonia, kwenye mashindano ya vijana ya Ulaya na kurudi na medali ya fedha ya mita 100. Aliyemfunga alikuwa Mfaransa Jimmy Vicaut, ambaye baadaye alikuja kukimbia chini ya sekunde 10.

Fikiria mwenyewe: mtu anayetoka kupiga krosi na kukaba mawinga anakuwa wa pili Ulaya nzima kwa vijana. Januari 2012, akiwa na miaka 18, akafanya uamuzi. Akatundika daluga na kuhamia riadha moja kwa moja, chini ya kocha Michael Afilaka.

Miezi sita tu baadaye, jijini Barcelona, akawa bingwa wa dunia wa vijana mita 100 kwa sekunde 10.05. Agosti mwaka huohuo alikuwa kwenye Olimpiki ya London, akamaliza wa tatu kwenye nusu fainali yake kwa sekunde 10.06, mbele yake wakiwa Yohan Blake na Tyson Gay. Hao ndio watu aliokuwa anashindana nao dogo aliyeanza mwaka huo akiwa mchezaji wa mkopo.

Mambo hayakuishia hapo. Mwaka 2013 kwenye Mashindano ya Dunia Moscow alikimbia mita 200 kwa sekunde 19.98 hatua ya nusu fainali, kisha akawa wa tano kwenye fainali. Mwaka 2014 jijini Zurich akawa bingwa wa Ulaya wa mita 200, muda uleule wa 19.98, na akaongeza dhahabu ya kupokezana vijiti. Juni 2015 pale Birmingham akakimbia mita 100 kwa 9.97 na kuwa Mwingereza wa kwanza kushuka chini ya sekunde 10 kwenye mita 100 na chini ya 20 kwenye mita 200.

KASI INAHAMA, MGUSO HAUHAMI

Sasa turudi kwa Bolt. Agosti 2018 alitua Australia kufanya mazoezi na Central Coast Mariners ya Gosford, kaskazini mwa Sydney. Kabla ya hapo alikuwa amejifua na Mamelodi Sundowns, Borussia Dortmund na Strømsgodset ya Norway. Siku chache baada ya kutua Australia alitimiza miaka 32.

Wengine walidhani ni biashara tu, ila jamaa alijituma kweli. Oktoba 12 alianza kwenye mechi ya kirafiki dhidi ya Macarthur South West United, akafunga mabao mawili katika ushindi wa 4-0 na kushangilia kwa staili yake ya radi. Mitandao ikawaka. Lakini waliokuwa wanacheza ligi ile waliona kitu kingine. Andy Keogh, straika wa Perth Glory, alisema mguso wa kwanza wa Bolt ni kama trampolini, yaani mpira ukimgonga mguuni unadunda unakwenda zake. Mwanzoni mwa Novemba pande mbili hazikuafikiana kuhusu mkataba, Bolt akaondoka. Januari 2019 akatangaza kwamba maisha yake ya michezo yamefika mwisho.

Kwa nini kasi ya Gemili ilihama na ya Bolt ikagoma? Angalia kazi yenyewe ilivyo. Bolt alipoweka rekodi ya 9.58 kule Berlin mwaka 2009, alifikia kasi yake ya juu, zaidi ya kilomita 44 kwa saa, baada ya kupita mita 60. Mwili mrefu kama wake unahitaji nafasi ili kuchanganya. Uwanja wa mpira una urefu wa mita 105 hivi, na ni nadra winga kupata mita 60 zilizonyooka bila mtu kumkata njia. Mbio nyingi za soka ni za mita 10, 15, 20, halafu unafunga breki, unageuka, unarudi kukaba, na baada ya muda mfupi unaanza tena. Mkimbiaji wa mita 100 akimaliza mbio moja anapumzika saa nzima au zaidi.

Ndiyo maana hata wenye mbio kwenye soka hawafiki huko. Micky van de Ven wa Tottenham alipimwa kilomita 37.38 kwa saa Januari 2024 dhidi ya Brentford, na hiyo ikaandikwa kuwa kasi kubwa zaidi kupimwa Ligi Kuu England. Ni mbio kali mno kwa mpira, lakini bado ziko mbali na Bolt.

Halafu kuna kichwa. Mkimbiaji anatazama mstari wa kumalizia tu. Beki anatazama mpira, mshambuliaji, mstari wa kuotea na mwenzake wa upande wa pili, vyote kwa wakati mmoja. Macho ya namna hiyo na mguu unaoulaza mpira vinajengwa utotoni, miaka na miaka ya kugusa mpira kila siku. Gemili alipoacha soka aliviacha vyote hivyo nyuma kwa sababu riadha haikuvihitaji. Alibeba miguu tu. Bolt alitaka kuvipata akiwa na miaka 32. Haiwezekani, hata ukiwa Bolt.

BEI ALIYOLIPA

Tusimfanye Gemili malaika aliyechagua njia ya mteremko. Siku ile ya 9.97 kule Birmingham, alipovuka tu mstari alianguka, misuli ya nyuma ya paja imeachia, akayakosa Mashindano ya Dunia ya Beijing.

Mwaka uliofuata ikaja fainali ya mita 200 Olimpiki ya Rio. Bolt wa kwanza, Andre De Grasse wa pili. Nafasi ya tatu, Christophe Lemaitre wa Ufaransa 20.12, Gemili 20.12. Ikabidi waende kwenye kamera: 20.116 dhidi ya 20.119. Ni sehemu tatu za elfu moja za sekunde, na kwa kasi waliyokuwa nayo ni kama sentimita tatu tu. Medali ikaenda kwa Mfaransa. Kwenye soka ukikosa bao dakika ya 90 kuna mechi wiki ijayo. Gemili ilibidi asubiri miaka minne, na janga la corona likaifanya iwe mitano.

Na ilipofika, Tokyo 2021, msuli ukamchana kwenye kupasha moto kabla ya mchujo wa mita 200. Angeweza kujitoa. Akafunga bandeji, akaingia kwenye vibao vya kuanzia, akatoka hatua chache, mguu ukakataa. Akatembea mbio nzima hadi mwisho, karibu dakika mbili kwa umbali ambao yeye huumaliza kwa sekunde 20. Medali ya Olimpiki ya mtu binafsi hakuwahi kuipata.

Je, alikosea kuacha mpira? Mimi nasema hapana. Kwenye soka alikuwa beki wa mkopo ambaye hakuna aliyekuwa na haraka ya kumuita. Kwenye riadha amekuwa bingwa wa Ulaya, bingwa wa dunia wa kupokezana vijiti, na mtu aliyefungwa na Bolt kwenye fainali ya Olimpiki.

HATA KWETU WAPO

Hapa Afrika Mashariki tuna mfano wetu. Ferdinand Omanyala wa Kenya alikuwa anacheza raga kabla ya kugeukia mbio fupi, na mwaka 2021 alikimbia 9.77 jijini Nairobi, rekodi ya Afrika. Angeng'ang'ania raga tusingemjua.

Nchini kwetu, UMITASHUMTA na UMISSETA huwakusanya vijana wa soka na wa riadha pamoja. Ndani yake huwa kuna dogo mmoja anayepangwa winga kwa sababu moja tu: hakamatiki. Mpira unamtoka, krosi zinaishia jukwaani, kocha anamweka benchi, na baada ya miaka miwili hasikiki tena. Walimu na makocha, kabla hamjamuacha kijana wa aina hiyo, mpelekeni kwenye mita 100 mkiwa na saa mkononi. Na mfanye hivyo akiwa na miaka 16 au 18, maana akifika 25 atakuwa amechelewa kote kuwili.