Je, Wajua? Paa, Ndovu na Msichana Asiyetaka Ushujaa

Wapenzi wa riwaya za njozi wanaujua mtindo huu: msichana hataki makuu, safari inamfuata mlangoni kwa nguvu, na ubavuni ana mnyama anayemwelewa kuliko ndugu zake. Ukiuliza ndani ya kifodi, ile daladala ya Arusha, cha kwenda Elerai, wapo watakaokujibu kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. Kabla hujashuka kituoni, soma haya.

Je, wajua kwamba jina Elerai lina msitu ndani yake? Kwa Kimaa, *olerai* ni mgunga wenye gome la manjano, mti uleule ulioupa jina Msitu wa Lerai ndani ya kreta ya Ngorongoro. Wazungu wa zamani waliuogopa wakidhani ndio unaoleta homa. Kumbe mti wa watu unapenda tu penye maji, na penye maji ndipo mbu wanapozaliana.

Je, wajua kwamba mnyama mwandani maarufu kuliko wote katika hadithi zetu ni paa? Yumo katika kisa cha Sultani Darai, kilichosimuliwa Zanzibar na kuchapwa mwaka 1870 katika mkusanyiko wa Edward Steere. Maskini mmoja anachakura jaani akitafuta punje za mtama. Siku moja anaokota thumuni, na badala ya kununua chakula, ananunua paa. Watu wanamcheka: wewe mwenyewe unakula jaani, huyo paa atakula nini? Paa anafungua kinywa na kumtoa wasiwasi: nitakwenda kujilisha mwenyewe, jioni nitarudi.

Je, wajua kwamba paa huyo ndiye anayefanya kazi yote ya ushujaa? Anaokota almasi, anaipeleka kwa sultani wa mbali na kumposea bwana wake binti wa kifalme. Kisha anamuua nyoka wa vichwa saba na kuitwaa nyumba yake. Kazi ya bwana ni kufuata tu.

Je, wajua kisa kinaishaje? Paa anaugua. Bwana, ambaye sasa ni tajiri, anaamuru apikiwe uji wa mtama mwekundu, chakula duni, naye paa anakufa kwa uchungu. Usiku ule bwana anaota kwamba yuko jaani akichakura. Anapoamka, kweli yuko jaani.

Je, wajua kwamba shujaa asiyetarajiwa naye yumo katika kitabu hichohicho? Katika kisa cha Sultani Majnuni, wana wakubwa wanashindwa kuulinda mtende wa baba yao, ndege anakula tende zote. Anayefaulu ni kitinda mimba, yule wa kukaa jikoni ambaye hakuna aliyemhesabu. Anamkamata ndege, anamwachia, na ndege anampa unyoya: ukipata shida, uchome, nitasikia harufu.

Je, wajua kwamba kijana huyohuyo ndiye anayemuua nunda mla watu, aliyeanza kama paka tu wa nyumbani? Tatizo ni kwamba hamjui nunda kwa sura. Anaanza kwa kuua mbwa na kumburuta hadi nyumbani, mama anamwambia siye. Anarudi porini, analeta mnyama mkubwa zaidi, bado siye. Anafika hadi tembo, na mama anatikisa kichwa vilevile.

Je, wajua kwamba si kila mnyama rafiki ni wa kuaminiwa? Katika mkusanyiko uleule wa Steere, papa anamkaribisha kima kwao huku akiutaka moyo wake uwe dawa ya sultani mgonjwa. Kima anaokoka kwa kumwambia kwamba moyo ameuacha mtini.

Je, wajua kwamba msichana maarufu wa njozi, yule aliyemfuata sungura shimoni, alianza kusema Kiswahili mwaka 1940? Kitabu kiliitwa *Elisi katika Nchi ya Ajabu*, na michoro ikamwonyesha kama msichana wa Kiafrika. Mwaka 2015 Ida Hadjivayanis alimtafsiri upya, safari hii akiitwa Alisi.

Je, wajua kwamba Shaaban Robert aliweka wanyama ndani ya nyumba ya mtawala? Katika *Adili na Nduguze* (1952), Adili analazimika kuwachapa manyani wawili kila usiku, kisha anawabembeleza na kuwalisha. Manyani hao ni ndugu zake wa damu, waliogeuzwa kwa sababu ya husuda yao.

Je, wajua kwamba mwaka mmoja kabla yake, Shaaban Robert alikuwa ametupa *Kusadikika*, nchi inayoelea hewani? Wajumbe wanatumwa pande zote sita, juu na chini zikiwemo, na wote ni wanaume. Ukiupitia mstari huu kuanzia paa wa Darai, utaona pengo: wanyama wapo, maajabu yapo, shujaa asiyetarajiwa yupo. Msichana ndiye haba.

Je, wajua kwamba Euphrase Kezilahabi alianza na msichana? Riwaya yake ya kwanza, *Rosa Mistika* (1971), ilimfuata Rosa katika maisha ya kawaida kabisa, na kwa muda ikapigwa marufuku shuleni. Alipogeukia ulimwengu wa ajabu katika *Nagona* (1990), miaka 19 ilikuwa imepita.

Je, wajua kwamba sinema iliyopigwa jirani na Mlima Meru ilimpata msichana mwenye mnyama ubavuni, ila kwa kumwagiza kutoka Italia? Ni *Hatari!* ya mwaka 1962, na sehemu yake ilipigwa Momella. Elsa Martinelli anaigiza mpiga picha aliyekuja kwa kazi yake, mara anajikuta analea watoto watatu wa ndovu. Wanamfuata kila aendako, hadi majini kuoga, na watu wanampa jina la Mama Tembo. Henry Mancini aliutungia mwendo wao muziki unaopigwa duniani hadi leo.

Je, wajua kwamba Hifadhi ya Taifa ya Arusha ina mnyama ambaye kila mtunzi wa njozi angemtamani? Ni mbega. Huzaliwa mweupe pee, kisha rangi nyeusi humjia baadaye. Mkononi hana kidole gumba cha maana, lakini anaruka mti hadi mti kama vile miti ni ngazi za kwao.

Je, wajua kwamba mnyama anayeelewana na binadamu si njozi tupu? Kandokando ya Ziwa Eyasi, Wahadzabe humpigia mluzi ndege aitwaye mlembe, naye huwaongoza hadi kwenye asali. Wao huvunja mzinga, yeye hula masega. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulilinganisha eneo hilo na Msumbiji, ambako Wayao wana mwito mwingine. Kila kundi la ndege liliitikia mwito wa wenyeji wake zaidi kuliko wa wageni: zaidi ya mara tatu huku Tanzania, karibu mara mbili kule Msumbiji. Kwa maneno mengine, mlembe anajua lugha ya kwao.

Je, wajua kwamba tuzo ya kwanza kabisa ya hadithi za kubuni ya Mabati-Cornell, mwaka 2015, ilikwenda kwa mwanamke, Anna Samwel Manyanza, kwa *Penzi la Damu*? Tuzo hiyo ya fasihi ya Kiswahili ilipokea pia miswada ambayo haikuwa imechapishwa.

Basi dada uliyekaa dirishani, unayeandika huku ukifunika kwa kiganja: kama ni mbega, kama ni mlembe, kama ni paa, mwandike tu. Sharti ni moja. Mwisho wa hadithi, usimpe uji wa mtama mwekundu.