Mteremko Usomwao kwa Miguu

Mtu anayeizuru Serengeti ndani ya gari, akiwa na darubini yake na mwongozaji aliyezoea kumfikisha moja kwa moja penye simba, hurudi kwao akiwa ameona wanyama wengi, wala sikatai kwamba hiyo ni furaha kubwa. Lakini ardhi yenyewe, ambayo ndiyo iliyowapanga wanyama wale mahali pale na si pengine, hupita chini ya magurudumu bila ya yeye kuitambua. Makala haya yanawahusu wageni wa namna nyingine, wale wachache watokao alfajiri kwa miguu nyuma ya askari na mwongozaji, ambao hupata kuona wanyama haba na kujifunza mengi.

Mahali ninapopafikiria ni upande wa Kimali, wilayani Meatu katika Mkoa wa Simiyu, ambako mashamba ya Wasukuma yanapakana na Pori la Akiba la Maswa, lililotengwa mwaka 1962, nalo pori hilo limeegemea ubavu wa kusini-magharibi wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951. Watu wengi huzichanganya sehemu hizi mbili, ilhali sheria zake ni mbalimbali: katika pori la akiba uwindaji kwa leseni unaruhusiwa, na katika hifadhi ya taifa ni marufuku abadani. Ndani ya hifadhi, hata kushuka garini ni kwa mahali palipotengwa. Kutembea kwahitaji kibali, njia iliyoainishwa, na askari mwenye silaha.

Mwendo wa kundi una adabu zake. Hutangulia askari, akafuata mwongozaji, kisha wageni mmoja nyuma ya mwingine, bila ya maneno ila ishara za mkono; na kila baada ya hatua kadhaa mwongozaji hutikisa kifuko cha majivu apate kujua upepo unakoelekea, maana nyati huitegemea pua yake kuliko macho, na kundi linalotanguliwa na harufu yake limekwisha kujitangaza kabla ya kufika. Akitokea simba, sharti ni kusimama, kukusanyika, na kurudi nyuma taratibu, kwani mbio ndizo zinazomfanya amdhanie mtu kuwa ni windo. Wengine huziona adabu hizi kuwa ni za usalama tu. Mimi naziona kuwa ndiyo nusu ya elimu yenyewe: aliyenyamaza na kuinamisha macho ndiye anayeanza kuona njia ya sisimizi.

Basi na tushuke mteremko. Juu kilimani pana mawe na udongo haba. Chini yake kidogo mguu unazama katika mchanga laini ambao Wasukuma huuita luseni. Ukizidi kuteremka unakanyaga itogolo, udongo mgumu usiopenda kunywa maji. Na bondeni kabisa ndipo penye mbuga. Neno hili lataka ufafanuzi, kwa sababu msemaji wa Kiswahili akisema mbuga huwazia pundamilia na twiga, ilhali mkulima wa Kisukuma akisema mbuga anakusudia ule udongo mweusi wa mfinyanzi unaonata masika na kupasuka nyufa kiangazi. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa akifanya kazi Amani huko Usambara, aliuona mfuatano wa namna hii katika nchi za Afrika Mashariki, akaupa jina la Kilatini lenye maana ya mnyororo, na jina hilo likaingia katika vitabu vya elimu ya udongo duniani kote. Wakulima walikuwa wamekwisha kuziita pete za mnyororo huo kwa majina yake, moja moja, na kujua ipi ni ya mtama na ipi ni ya mpunga.

Wanyama nao huufuata mnyororo huo. Wakati wa mvua hupenda majani mafupi ya juu. Yakikauka huteremka bondeni, ambako unyevu haujaisha. Watafiti wa Serengeti walionyesha kwamba hawashuki ovyo: pundamilia, ambaye tumbo lake lavumilia mabua magumu, hutangulia na kuyapunguza majani marefu, nyumbu humfuata akichagua yaliyofunuliwa, kisha swala tomi huja kuokota machipukizi.

Mwongozaji hodari atakuonyesha waliopita bila ya mnyama hata mmoja kuwapo. Wayo wa mbele wa tembo ni wa mviringo, wa nyuma umerefuka kama yai. Ukiuzungushia uzi ule wa mbele na kuuzidisha urefu wake mara mbili, umepata kwa kukisia kimo chake begani, ingawa alipita jana usiku. Kucha za fisi huonekana mchangani, za simba hujificha; na kinyesi cheupe cha fisi ni chokaa ya mifupa aliyoitafuna. Neno athari tumepewa na Waarabu, na maana yake ya asili kwao ni alama ya mguu. Nasi tumeisahau maana hiyo kwa kupanda magari mno.

Nasikitika kwamba elimu hii huuzwa kwa mgeni, na mtoto wa Kimali huijua Serengeti kwa picha ya kalenda. Babu yake alitenga ngitili, malisho yanayofungwa masika ili ng'ombe wapate kula kiangazi, na mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986 wakati sehemu hii ilikuwa bado katika Mkoa wa Shinyanga, uliistawisha upya desturi hiyo. Mtoto huyo akiwaona pundamilia wakishuka bondeni baada ya mvua kwisha, hatahitaji maelezo marefu: bonde ndilo ngitili yao, malisho yaliyobakia kwa ajili ya kiangazi. Nawaomba walimu wakuu wa Meatu na Bariadi wafanye shauri na wenye mamlaka ya hifadhi, wachukue wanafunzi wachache kwa zamu, na pamoja nao mzee mmoja ajuaye majina ya udongo. Miezi mizuri ni Juni hadi Oktoba, majani yakiwa mafupi. Nguo nyeusi na za buluu ziachwe nyumbani, kwa kuwa ndorobo huzifuata.