Attenborough: Mwigizaji Aliyetafuta Fedha za Gandhi kwa Miaka 20

Mtaje Richard Attenborough mbele ya vijana, wengi watadhani unamsema mdogo wake David, yule wa filamu za wanyama. Wakumbushe mzee wa Jurassic Park, mwenye ndevu nyeupe na bakora iliyopachikwa kaharabu yenye mbu ndani, hapo watamjua mara moja. Sisi tunaoandika bajeti za filamu na kubisha hodi kwa wafadhili tunamhesabu kuwa mwenzetu kwa sababu nyingine kabisa.

Alizaliwa Cambridge mwaka 1923. Sinema ilimpokea mwaka 1942 katika In Which We Serve, akiigiza baharia kijana aliyeingiwa na woga vitani. Mwaka 1947 akawa Pinkie, kiongozi wa genge katika Brighton Rock: sura ya kitoto, macho ya muuaji.

Uigizaji ulimpa jina, lakini hakutaka kukaa akisubiri kupangiwa kazi. Mwaka 1959 yeye na Bryan Forbes wakaanzisha kampuni ya Beaver Films. Filamu yao ya The Angry Silence (1960) ilimhusu mfanyakazi wa kiwandani aliyetengwa na wenzake kwa kukataa kugoma. Fedha zilikuwa haba, hivyo waigizaji wakuu walikubali malipo madogo na kusubiri mgao wa faida.

Mwaka 1962 Motilal Kothari, Mhindi aliyeishi London, alimwomba atengeneze filamu ya Mahatma Gandhi. Wakati huo Attenborough alikuwa hajaongoza filamu hata moja. Ya kwanza, Oh! What a Lovely War, ilitoka 1969. Alizunguka miaka 20 akitafuta fedha. Mwaka 1952 yeye na mkewe, Sheila Sim, waliigiza katika The Mousetrap jukwaani London, na sehemu ya malipo yao ilikuwa hisa katika mchezo huo ambao uliendelea kuonyeshwa kwa miaka mingi. Hisa hizo aliziuza ili Gandhi isikwame.

Ben Kingsley, ambaye babu yake mzaa baba alikuwa mfanyabiashara wa viungo Zanzibar, ndiye aliyemwigiza Gandhi. Tukio la mazishi lilipigwa Delhi tarehe 31 Januari 1981, miaka 33 kamili baada ya mazishi yenyewe. Watu zaidi ya 300,000 walijaa barabarani, wengi wao wa kujitolea. Kwenye filamu utawaona kwa dakika mbili hivi, basi.



Gandhi ilizoa Oscar 8 mwaka 1983. Mbili alizibeba mwenyewe: ya Mwongozaji Bora, na ya Filamu Bora, ambayo hukabidhiwa mtayarishaji. Ukiniuliza ipi aliitolea jasho zaidi, nitakuonyesha ya pili.