Kuchagua Mwendo: Hisia na Usahihi katika Upigaji wa Kinanda

Baada ya kusoma mada hii uweze:
(i) kueleza maana ya mwendo, hisia na usahihi katika muziki;
(ii) kuchagua mwendo wa wimbo kwa kutumia sababu, si kwa kubahatisha;
(iii) kueleza kwa nini mpigaji wa kinanda cha mabomba huonesha hisia kwa njia tofauti na mpiga ngoma au mwimbaji.

Utangulizi

Wanafunzi wengi wa Njombe na Makambako wanaochukua somo la Muziki tayari wanapiga kinanda kanisani kabla hawajaliona darasa la muziki. Hiyo ni bahati kubwa. Hata hivyo, mwanafunzi huyohuyo anaposimama mbele ya msimamizi wa mtihani wa vitendo hupoteza alama mahali ambapo hakutegemea: noti zote ni sahihi, lakini wimbo umekimbia. Au mwendo umetulia kama saa ya ukutani, lakini hakuna ambaye angetamani kuimba naye. Mada hii inahusu hatari hizo mbili.

Methali ya "haraka haraka haina baraka" haitoshi kuwa jibu la mtihani. Nyimbo nyingi huharibika kwa kucheleweshwa vilevile. Unatakiwa utoe sababu.

1. Maana ya maneno muhimu

Mwendo (tempo) ni kasi ya mapigo ya wimbo. Hupimwa kwa idadi ya mapigo katika dakika moja. Kifaa cha kupimia huitwa metronomu. Johann Maelzel alikipatia hataza mwaka 1815. Leo programu ya metronomu hupatikana bure kwenye simu. Maneno ya Kiitaliano kama adagio (taratibu), andante (mwendo wa kutembea), moderato (wastani) na allegro (haraka, kwa uchangamfu) hutoa mwelekeo tu, si namba moja isiyobadilika.

Usahihi ni kupiga noti iliyoandikwa, kwa wakati wake, na kuiachia kwa wakati wake. Angalia neno "kuiachia". Wengi hulisahau.

Hisia ni maana ambayo mpigaji anaifikisha kwa msikilizaji: furaha, majonzi, utulivu, shangwe. Hisia si kutikisa mabega.

Kanuni ya kukumbuka: muda wa pigo moja kwa sekunde = 60 ÷ mwendo. Kwa mwendo wa 80, pigo moja huchukua 60 ÷ 80 = sekunde 0.75.

2. Kinanda cha mabomba hufanyaje kazi?

Kinanda cha mabomba (ogani) ni chombo cha upepo. Mivukuto au feni ya umeme husukuma hewa kwenye sanduku lililo chini ya mabomba. Unapobonyeza kibonyezo, mlango mdogo hufunguka, hewa huingia kwenye bomba na sauti hutoka. Bomba refu hutoa sauti ya chini, fupi hutoa sauti ya juu. Mpigaji hutumia mikono kwenye safu za vibonyezo na miguu kwenye pedali, na huchagua aina ya sauti kwa kuvuta vishikio viitwavyo stopu. Katika Afrika Mashariki, mfano unaojulikana ni ogani ya Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini, Zanzibar, iliyotengenezwa Uingereza na kampuni ya Henry Willis. Ujenzi wa kanisa hilo ulianza mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa.

Huenda wewe unapiga kinanda cha umeme na unachagua sauti ya ogani. Kanuni muhimu ni ileile: ukibonyeza kwa nguvu au kwa upole, sauti haibadiliki ukubwa. Mlango wa hewa ama umefunguka ama umefungwa. Pia sauti haififii kama ya gitaa au piano. Inaendelea kwa nguvu ileile mpaka uinue kidole.

Tafakari maana yake. Mpiga ngoma akitaka kusisitiza pigo, hupiga kwa nguvu zaidi. Wewe huwezi. Kilichobaki mkononi mwako ni wakati: lini noti ianze na lini iishe. Hii ndiyo hoja kuu ya mada hii: kwenye kinanda, hisia hupita katika mlango wa usahihi.

3. Mambo manne yanayoamua mwendo

(a) Maneno na pumzi za waimbaji. Chukua wimbo wa mistari minne, kila mstari una mapigo 16. Ubeti mmoja una mapigo 64. Linganisha:

Mwendo 60: mstari sekunde 16, ubeti sekunde 64.
Mwendo 80: mstari sekunde 12, ubeti sekunde 48.
Mwendo 96: mstari sekunde 10, ubeti sekunde 40.

Kabla ya kupiga, imba mstari mmoja mwenyewe. Je, pumzi imefika katikati ya mstari, mahali penye mkato wa maneno? Kama umekata neno katikati ili uvute hewa, mwendo ni wa taratibu mno. Kumbuka pia kwamba Njombe ni mji wa mwinuko wa takribani mita 2,000, ambako hewa ni nyepesi kuliko pwani. Baada ya hapo soma maneno kwa sauti. Silabi za Kiswahili hutamkwa zote. Hakuna ya kumezwa. Kama kwenye noti fupi ulimi unajikwaa, mwendo ni wa haraka mno. Mwendo sahihi uko kati ya mipaka hiyo miwili.

(b) Kifungu kigumu kuliko vyote. Usipime mwendo kwa mstari wa kwanza, kwa kuwa mara nyingi ndio rahisi. Tafuta vipimo viwili vyenye noti nyingi au pedali ngumu, uvipige bila kosa, kisha uangalie metronomu inasoma ngapi. Huo ndio mwendo wako wa juu kwa siku hiyo. Anayeanza kwa 100 na kushuka hadi 84 kwenye kifungu kigumu hajaonesha hisia. Ameonesha kwamba hakujiandaa, na msikilizaji hutambua.

(c) Jengo. Kanisa la matofali lenye sakafu ya saruji na watu wachache hutoa mwangwi mrefu. Noti mpya hukuta ya zamani bado iko hewani, zikachanganyika. Hapo punguza mwendo kidogo, na achia noti mapema kidogo ili maneno yasikike. Lakini nguo hunyonya sauti. Mazoezi ya Jumamosi jengo likiwa tupu si sawa na Jumapili ya mwezi Juni au Julai, Njombe ilipo kwenye baridi kali na kila aliyekaa kwenye benchi amevaa sweta na koti. Mwangwi unapungua, na mwendo uliokuwa unafaa jana leo unaonekana mzito. Nje chini ya turubai, hasa kwenye upepo wa Makambako, mwangwi haupo kabisa: ukiachia noti mapema kama ulivyozoea ndani, wimbo utasikika umekatikakatika.

(d) Tukio. Wimbo mmoja huweza kuimbwa kwenye harusi na kwenye mazishi. Hapa wapigaji wengi hukosea kwa nia njema. Wanadhani majonzi maana yake ni kwenda taratibu kadiri inavyowezekana. Lakini mtu anayelia hana pumzi ndefu. Ukimpigia mfiwa kwa mwendo wa 50, unamnyima nafasi ya kuimba. Atanyamaza, na wimbo ambao ulikuwa umfariji utakuwa wa kwaya peke yake. Chagua mwendo wa mtu anayetembea bila haraka, uache nafasi ya wazi ya kuvuta pumzi kila mwisho wa mstari. Utulivu utatokana na nafasi hizo.

Zingatia: Sauti husafiri takribani mita 340 kwa sekunde. Kama kwaya imesimama mita 17 kutoka kwenye kinanda, sauti yako huwafikia baada ya sekunde 0.05, na yao hukurudia baada ya sekunde nyingine 0.05. Jumla ni sekunde 0.1. Ukiwasubiri uwasikie ndipo upige noti inayofuata, utachelewa kidogo katika kila pigo, nao watakufuata wakichelewa zaidi. Ndiyo sababu nyimbo hulala ubeti kwa ubeti bila mtu kukusudia. Mpigaji hubeba mapigo ndani yake. Husikiliza kwaya, lakini haisubiri.

4. Hisia hukaa wapi?

Kwenye kinanda, hisia hupatikana sehemu zifuatazo:

Ukimya mdogo kabla ya noti. Ukiinua kidole mapema kidogo kabla ya pigo zito, sikio hulisikia pigo hilo kama limesisitizwa, ingawa ukubwa wa sauti haujabadilika.

Kuunganisha au kutenganisha. Noti zilizounganishwa (legato) huleta utulivu. Zilizotenganishwa huleta uchangamfu. Wimbo wa mwendo wa 88 wenye noti zilizotenganishwa huonekana mchangamfu kuliko ule wa 96 uliounganishwa wote. Kwa hiyo, kabla ya kuongeza kasi ili kuleta furaha, jaribu kwanza kubadilisha miguso.

Mwisho wa sentensi. Kupunguza mwendo kidogo mwishoni mwa ubeti wa mwisho kunapendeza. Kufanya hivyo kila mstari kunachosha.

Uchaguzi wa sauti. Ubeti wa maombi huhitaji sauti laini. Ubeti wa shangwe huhitaji sauti kamili. Badilisha kati ya beti, usibadilishe katikati ya neno.

Kwa wanaotumia kinanda cha umeme: zima "biti" wakati wa mazoezi. Biti hutunza mwendo, lakini haijui kwamba watu wanahitaji kupumua, na humzuia mpigaji kujenga mapigo yake mwenyewe. Siku umeme ukikatika na kwaya ikaendelea kuimba, ndipo itajulikana mwendo ulikuwa wa nani.

5. Mfano kutoka historia

Johann Sebastian Bach (1685–1750) alikuwa mpiga ogani katika mji wa Arnstadt, Ujerumani, akiwa kijana. Mwaka 1705 alitembea zaidi ya kilomita 400 hadi Lübeck kumsikiliza mpiga ogani mashuhuri Dieterich Buxtehude. Umbali huo unazidi ule wa Makambako hadi Songea. Aliomba ruhusa ya wiki nne, akakaa karibu miezi minne. Aliporudi, mwaka 1706, wakuu wa kanisa walimhoji: alikuwa anaingiza mapambo na noti za ajabu kwenye nyimbo hata waumini wakachanganyikiwa. Walimlaumu pia kwamba utangulizi wake ulikuwa mrefu mno, na alipoambiwa hivyo akaufanya mfupi mno.

Funzo si kwamba Bach hakuwa na kipaji. Funzo ni kwamba hata kipaji kikubwa hupimwa kwa swali moja: je, waimbaji wameweza kuimba? Hisia za mpigaji zikiwafunika waimbaji, kazi haijafanyika.

Albert Schweitzer, mpiga ogani na daktari aliyekwenda Lambaréné, Gabon, mwaka 1913, naye aliwaonya wapigaji wanaokimbiza kazi za Bach. Hoja yake inafaa kwako pia: msikilizaji anapaswa kusikia kila sauti ndani ya wimbo, na mwendo unaozificha ni wa haraka mno hata kama vidole vinauweza.

6. Hatua za mazoezi

1. Imba maneno bila kinanda. Tafuta mipaka miwili ya mwendo.
2. Piga kifungu kigumu kwa nusu ya mwendo unaoutaka, mikono kila mmoja peke yake.
3. Ongeza metronomu mapigo 4 kwa kila hatua. Usiongeze kabla hujapiga mara tatu mfululizo bila kosa.
4. Zima metronomu, piga ubeti wote, kisha iwashe tena uone kama bado upo kwenye mwendo. Moyo ukienda mbio kwa woga au furaha, vidole hufuata.
5. Amua mapema wapi utaacha pumzi na wapi utapunguza mwendo. Weka alama kwa penseli.
6. Kabla ya kuanza siku yenyewe, hesabu kipimo kimoja kimyakimya kwa kukumbuka mstari mgumu, si mstari wa kwanza.

Muhtasari

Mwendo huamuliwa na maneno na pumzi, kifungu kigumu, jengo na tukio. Kinanda hakibadilishi ukubwa wa sauti kwa nguvu ya kidole, hivyo hisia huonekana katika wakati wa kuanza na kuachia noti. Hisia bila usahihi huwapoteza waimbaji. Usahihi bila hisia huwaacha wamekaa kimya.

Maswali ya kujipima

1. Kwaya imesimama mita 34 kutoka kwenye ogani. Sauti ya ogani huwafikia baada ya muda gani? Kwa mwendo wa 100, muda huo ni sehemu gani ya pigo moja?
2. Eleza kwa nini kupiga wimbo wa mazishi kwa taratibu mno kunaweza kuwazuia wafiwa kuimba.
3. "Mpigaji mwenye hisia hana haja ya metronomu." Jadili kwa hoja tatu.

Mwongozo wa majibu

1. 34 ÷ 340 = sekunde 0.1. Pigo moja ni 60 ÷ 100 = sekunde 0.6. Hivyo ni sehemu ya sita (1/6) ya pigo.
2. Taja urefu wa pumzi, uthibitishe kwa hesabu ya muda wa mstari, kisha pendekeza mwendo wa kutembea wenye nafasi za pumzi.
3. Usikubali wala kukataa moja kwa moja. Onesha kwamba metronomu ni kifaa cha mazoezi. Kwamba kwenye kinanda hisia hutegemea wakati. Na kwamba katika onesho mpigaji huongozwa na mapigo aliyokwisha kuyajenga, huku akiwasikiliza waimbaji. Mtahiniwa anayetoa mfano kutoka wimbo aliowahi kuupiga hujibu vizuri zaidi kuliko anayekariri maana za maneno.