Ziwa Halimezi Uchafu Wetu



Kila siku unafua, unaosha vyombo, unamuogesha mutoto. Ile maji chafu, ukishaimwaga, inakwenda wapi?

Inashuka mufereji mpaka mutoni, na muto unaingia ziwani. Mvua ikinyesha, inachukua pia mavi ya vichakani na ya vyoo vilivyojaa. Na pale chini, mama mwenzako anajaza bidoni yake.

Wengine husema: «Ziwa ni kubwa, haliwezi kuchafuka.» Ni kweli, Tanganyika ni kubwa, na kina chake kinapita metre 1,400. Lakini uchafu hauendi mara moja kule kwenye kina. Unakaa kwanza karibu na kando, palepale tunapochota na watoto wanapooga. Tena ziwa hili lina mulango mumoja tu wa kutokea maji: muto Lukuga, kule Kalemie.

MAJI MACHAFU YANASAFISHWA NAMNA GANI?

Kuna miji inayokusanya maji machafu kwa mabomba na kuyasafisha kwanza. Ngambo ya ziwa, Bujumbura ina mabwawa ya kazi hii kule Buterere, kwa sehemu ya muji. Kazi inakwenda hivi: vyuma vinazuia matambara na takataka. Maji yanatulia, uchafu muzito unashuka chini. Vijidudu visivyo na ubaya vinakula uchafu uliobaki. Mwishoni, jua na siku nyingi za kungoja vinaua sehemu kubwa ya vijidudu vya magonjwa. Maji hayo si ya kunywa, lakini hatari yake imepungua sana.

Miji yetu mingi ya kando ya ziwa haina kazi hii. Uchafu unafika ziwani mubichi, na kolera inapata njia.

Huko Uvira, utafiti uliotangazwa mwaka 2015 ulionyesha jambo la kutisha. Kila siku maji ya robine yalipokatika kabisa, wagonjwa wa kuhara waliolazwa kama watu wa kolera waliongezeka zaidi ya mara mbili katika siku 12 zilizofuata. Kwa nini? Robine ikikauka, watu wanarudi kuchota ziwani na mitoni.

MAMA, FANYA HIVI:

1. Tupa mavi ya mutoto chooni, hata ya mutoto muchanga. Usifikiri hayana ubaya. Wala usifulie matambara yake mahali pa kuchota.

2. Maji ya ziwa yachemshe mpaka yatokote vizuri, ndipo unywe. Yaweke katika chombo safi chenye kifuniko.

3. Nawa mikono kwa sabuni, au kwa majivu kama sabuni imekosekana: ukitoka chooni, ukimaliza kumusafisha mutoto, na kabla ya kushika chakula.

4. Mutoto akihara maji-maji, usingoje kesho. Katika litre 1 ya maji safi tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya kusawazisha, si vya kujaza mulima. Mupe kidogo-kidogo, endelea kumunyonyesha, na umulete hospitali upesi. Kolera inaweza kuua kwa masaa machache, kwa sababu inakausha mwili.

5. Mukutane, wamama wa kartie. Mumuombe chefu kazi ya kusafisha mifereji na kuchimba vyoo mbali na visima, si chini ya metre 30. Na wakubwa wa muji wakumbushwe kwamba maji machafu yanahitaji mahali pake pa kusafishiwa, kama vile wagonjwa wanavyohitaji hospitali.

Katika Torati, Musa aliwaagiza Waisraeli watoke nje ya kambi na kufukia mavi yao. Amri ile ililinda kambi nzima. Nasi tufanye vivyo hivyo, kwa maana unachomwaga leo huku juu, mutoto wa mwenzako atakinywa kesho kule chini.

Mungu awalinde, ninyi na watoto wenu.