Presha ya Tarishi

Mtaani tumezoea kusema presha ni ugonjwa wa wakubwa. Mkurugenzi akianguka ofisini, watu watasema majukumu yamemzidi. Tarishi wake akifa mwezi huohuo, watasema siku zake zilifika.

Waingereza walipokaa chini kuhesabu, mambo yakawa kinyume. Mwaka 1967 walianza kuwafuatilia wanaume zaidi ya 17,000 waliokuwa watumishi wa serikali mjini London, katika utafiti uliopewa jina la Whitehall, mtaa wenye ofisi za wizara. Wote hao walikuwa na ajira ya uhakika, na kazi zao hazikuwa za juani wala migodini. Hata hivyo, ilipopita miaka saba na nusu, watu wa daraja la chini kabisa, wakiwemo matarishi na mabawabu, walikuwa wamekufa kwa kiwango cha mara tatu ya wale wa daraja la juu. Wa chini walivuta sigara zaidi, ni kweli, lakini hata sigara, presha na kolesteroli zilipowekwa kwenye hesabu, sehemu kubwa ya pengo ilibaki palepale. Na halikuwa pengo la juu na chini tu: kila daraja lilikufa zaidi kuliko lililo juu yake. Msaidizi wa mkurugenzi, mtu mwenye ofisi na mshahara mzuri, alikuwa hatarini zaidi kuliko mkurugenzi.

Duru ya pili ilianza mwaka 1985 chini ya Michael Marmot, safari hii na wanawake ndani, jumla ya washiriki wote zaidi ya 10,000. Hapo waliulizwa pia kuhusu kazi yenyewe: je, una sauti katika namna unavyoifanya? Unaamua mwenyewe uanze na lipi, upumzike lini? Waliojibu kwamba hawana sauti ndio walioongoza baadaye kwa ugonjwa wa moyo. Jambo jingine lililonivutia mimi ni vipimo vya presha. Kazini, wakubwa na wadogo walikaribiana. Wakifika nyumbani, presha ya wakubwa ilishuka zaidi. Mdogo alirudi nayo.

Mwili una sababu zake. Ubongo ukihisi hatari, adrenalini humwagika ndani ya sekunde chache na moyo ukaanza kwenda mbio. Nyuma yake inakuja amri ya taratibu zaidi: haipothalamasi huiamsha tezi ya pituitari, pituitari nayo huziamsha tezi zilizokaa juu ya figo, na hizo hutoa kortisoli. Sukari inaingia kwenye damu, utumbo unapunguza kazi, kinga na hamu ya tendo la ndoa zinawekwa kando. Mtu anayekimbizwa na nyati anahitaji vyote hivyo, kwa dakika chache. Shida inaanza pale bosi anapotuma ujumbe saa nne usiku, na kesho yake tena, na mfanyakazi akawa hajui lini utaingia mwingine. Kortisoli ikikaa juu miezi na miezi, usingizi unaharibika, mafuta yanajikusanya tumboni, presha inapanda na kumbukumbu inalegea.

Ushahidi mzuri wa jambo hili umetoka hapa kwetu Afrika Mashariki, kwa nyani. Kuanzia mwaka 1978 Mmarekani Robert Sapolsky alikuwa akienda Maasai Mara kuwalenga madume kwa mrija wa kupulizia vishale vya dawa ya usingizi. Kazi ilitaka subira. Ilibidi kila nyani apigwe saa zilezile za asubuhi, akiwa ametazama kando, asiwe mgonjwa, asiwe ametoka kupigana wala kupanda jike, kisha damu itolewe harakaharaka kabla mshtuko wenyewe haujaipandisha kortisoli. Katika kundi lililotulia, madume ya chini, yanayoonewa bila kujua kipigo kitatoka wapi, ndiyo yaliyokuwa na kortisoli nyingi hata siku isiyo na vurugu. Madume yaliyokuwa na marafiki wa kukaa nao na kuchambuana manyoya yalikuwa na nafuu. Cheo cha juu nacho si kinga kamili: watafiti wa nyani wa Amboseli, Kenya, walionyesha mwaka 2011 kwamba dume kiongozi ana homoni za msongo nyingi kuliko makamu wake. Umakamu una raha zake.

Mwaka 1979, mwaka mmoja tu baada ya Sapolsky kuanza, Mmarekani mwingine, Robert Karasek, alikuwa ameshaliweka jambo hili upande wa binadamu. Alisema kazi inayochosha vibaya ni ile inayodai mengi huku ikikunyima uamuzi. Mpasuaji ana mzigo mkubwa, lakini kisu kiko mkononi mwake.

Sasa mtazame dereva wa daladala Dar es Salaam. Gari si lake. Jioni tajiri anataka hesabu yake, kiasi kilekile, iwe abiria walikuwepo au mvua ilizifunga barabara. Mafuta na faini za trafiki vinatoka kwenye mapato ya siku, kinachobaki anagawana na konda. Nauli imepangwa na serikali, ruti iko kwenye leseni, foleni haimsikilizi mtu. Akiugua, deiwaka anakaa kwenye usukani na siku hiyo imekwenda. Kilichoachwa chini ya uamuzi wake ni mguu wa kulia na idadi ya watu atakaowashindilia. Tunamlaumu kwa hayo mawili kila siku.

Ndiyo maana semina za ofisini za kuvuta pumzi, zile za mchana mmoja zenye fulana na keki, zinanitia shaka. Kupumua polepole kunatuliza moyo kweli, sibishi. Lakini mfanyakazi akirudi mezani anaikuta ratiba ileile. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 kuhusu afya ya akili kazini inataka mazingira ya kazi yenyewe yaguswe, na mameneja wafundishwe.

Saa nazo zina kikomo. Shirika hilohilo (WHO) na Shirika la Kazi Duniani (ILO) walikadiria kwamba mwaka 2016 watu 745,000 walikufa kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo kwa sababu ya kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zisizozidi 50 katika wiki nne. Piga hesabu: mwajiri anayezitumia zote anafika saa 57 na nusu bila kuvunja sheria. Sheria hiyohiyo inampa mfanyakazi saa 12 mfululizo za kupumzika kila siku, na sidhani kama kundi la WhatsApp la ofisini limewahi kuisoma.

Mtu ambaye ameshazama, halali, hali, hana hamu ya chochote kwa wiki mbili au zaidi, huyo aende hospitali. Pengine ni sonona, na inatibika. Kwa walio kwenye ukingo kuna njia iliyoanzia Mbare, Harare, mwaka 2006. Daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda aliwafundisha bibi 14 kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kusikiliza watu. Katika jaribio la watu 573 lililochapishwa mwaka 2016, baada ya miezi sita ni kama 14 kati ya 100 waliokaa na bibi waliobaki na dalili. Kwa waliopata huduma ya kawaida ilikuwa 50 kati ya 100. Mpango huo umefika hadi Zanzibar.

Bibi hatoi mawaidha mengi. Anamwacha mtu ataje matatizo yake yote, kisha anamwambia achague moja. Chukua nesi ambaye angetaja mshahara, mkuu wa wodi mkali, na zamu za usiku anazoambiwa jana yake. Angechagua zamu. Bibi angemuuliza afanye nini wiki hii, na pengine wangekubaliana aende na wenzake wawili kuomba ratiba ibandikwe wiki mbili kabla. Akirudi kwenye benchi, swali la kwanza ni kama imebandikwa. Kama bado, wanatafuta mlango mwingine.